Basi la Tsona Linatetemeka

Tulikuwa tumeshapita daraja la Luchitsa, kijiji cha tatu na cha mwisho kabla ya mteremko wa kwenda mjini, na bibi wa mwisho alikuwa bado anatupungia chungu chake cha shaba kule nyuma, pale usukani ulipoanza kutetemeka mikononi mwa Tsona.

"Mzee Ilcho, unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia meno yangu," nikamjibu. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, na hita ya basi lile ilikuwa inapuliza hewa ya kaburini.

"Achana na meno. Shika hapa."

Nikanyoosha mkono, nikashika usukani upande wangu. Kwenye mwendo wa sitini ulikuwa umetulia. Alipokanyaga mafuta tukafika sabini, ukaanza kuwasha viganja kama umeshika mzinga wa nyuki. Kwenye themanini kioo cha kuangalia nyuma kilitetemeka hata barabara ikawa moshi tupu, na kijiko changu kilikuwa kinalia ndani ya kikombe cha chai, ting ting ting. Tsona akaondoa mguu kwenye mafuta.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Halmashauri ilikuwa imetoa neno: basi la Brestova, Rakita na Luchitsa likaguliwe kabla ya saa sita mchana, na likikutwa na kasoro yoyote, laini nzima ya basi inafungwa siku hiyohiyo. Vijiji vyote vitatu vimebaki na wazee. Watoto wako Uhispania na Ujerumani wanachuma matunda na kuosha wagonjwa. Bila basi la Tsona hakuna daktari, hakuna soko, hakuna dawa ya presha, na bibi akianguka kwenye ngazi atamlilia paka. Ndiyo maana asubuhi ile walitoka wote kutusindikiza kama wanavyosindikiza kijana anayekwenda jeshini. Kule Brestova tulisimama kama nusu saa. Tulilishwa banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, tukabusiwa, bampa ikafungwa uzi mwekundu, na kila bibi akatumwagia maji ya heri mbele ya gari, safari iteleze. Rakita hivyo hivyo. Luchitsa hivyo hivyo.

Mimi kazi zangu zilikuwa mbili: kubeba jeki kama tutapata pancha, na kumzuia Tsona asimtukane mkaguzi.

"Jana halikuwa na hili tatizo," Tsona akasema.

"Labda barabara."

"Barabara hii naijua kuliko nilivyomjua mume wangu. Hii si barabara." Akapiga usukani kofi. "Tsenkov atalijua kabla hajafunga mlango."

Tsenkov ndiye alikuwa mkaguzi wa halmashauri. Alikuwa na tabia yake, na madereva wote wa wilaya waliijua. Breki na taa aliangalia harakaharaka. Kisha alikaa mwenyewe kwenye kiti cha dereva, akaenda mpaka barabara ile iliyonyooka kando ya mto, akakanyaga mpaka tisini, halafu akainua mikono yake miwili kutoka kwenye usukani akaiweka hewani kama padri. Gari likitulia, umepita. Likicheza, umekwisha.

"Tunakwenda kwa Varban," akasema Tsona.

Karakana ya Varban iko pale mji unapoanza, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa la matrekta ya ushirika. Ni mtu mnene, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko, na hana haraka na mtu yeyote. Katikati ya karakana kulikuwa na jiko la pipa limewaka mpaka ubavu umekuwa mwekundu. Juu ya lifti palikuwa na teksi ya njano, na chini yake, kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, alikaa mwenye teksi, Spas, anakunywa kahawa.

"Karibu, karibu!" Spas akapaza sauti. "Umeniletea abiria wangu, Tsona?"

Alikuwa na maana yake. Laini ikifungwa, wazee wa vijiji vitatu wangebaki kumpigia yeye simu.

"Spas, shusha gari lako," Tsona akamwambia.

"Nina zamu."

"Zamu ya nini? Varban, ana tatizo gani huyu?"

Varban akafuta mikono. "Hana tatizo. Amekuja kupimiwa upepo tangu asubuhi, upepo ukapimwa, sasa anapimwa kahawa."

"Mteja ni mfalme," akasema Spas.

"Mfalme atashusha gari mwenyewe au nimshushie lifti akiwa chini yake?" Tsona akauliza. Alikwenda kwenye kitufe cha lifti akaweka kidole. Spas aliinuka upesi kuliko nilivyotegemea, maana milango ya teksi yake ilikuwa wazi na ingegonga nguzo.

"Una wazimu, dada!"

"Ninao. Toa gari."

Basi likaingia. Varban alisikiliza maelezo ya Tsona bila kumkatiza, kisha akauliza mambo mawili tu: unatetemeka usukani au kiti, na unaanzia mwendo gani? Tsona akasema usukani, na unaanzia sabini. "Basi ni magurudumu ya mbele," Varban akasema. "Ya nyuma yangekutekenya matako." Akapiga jeki, akang'oa gurudumu la mbele kushoto, akaliviringisha mpaka kwenye mashine.

Mashine ile aliinunua kuukuu, imetoka Italia, na herufi za kizungu cha kule zilikuwa zimefutika zote isipokuwa moja. Nimezunguka nchi nyingi na kufanya kazi za kila namna, nimeona mashine zinazovuna na zinazoshona na zinazokata watu vidole, lakini hii kazi yake ni kutafuta uzito uliojificha. Gurudumu linaweza kuwa duara kama sahani na bado likawa na upande mmoja mzito. Gramu hamsini ukizishika mkononi ni kipande cha mkate. Lakini kwenye themanini gurudumu linazunguka zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja, na kila linapozunguka, kile kipande cha mkate kinavuta upande wake kwa nguvu ya mtu mzima. Hapo ndipo usukani unapocheza.

Varban akachokoa vijiwe kwenye meno ya tairi, akang'oa kwa koleo vile vizito vya zamani vya madini ya risasi, vinavyobanwa ukingoni mwa rimu kusawazisha gurudumu. Akalivisha gurudumu kwenye shafti, akasukuma koni ikaingia kwenye tundu la katikati ili gurudumu likae sawasawa, akakaza ile nati kubwa yenye masikio. Kisha akaiambia mashine mambo matatu, maana yenyewe ni kipofu: rimu iko mbali kiasi gani, upana wake, na kimo chake. Umbali alipima kwa kuvuta mkono wa chuma uliotoka ubavuni mwa mashine mpaka ukagusa ukingo wa rimu. Upana alipima kwa kifaa chenye makucha mawili kama kaa. Kimo kimeandikwa kwenye tairi. Akafunika kifuniko. Gurudumu likaanza kuvuma, likafika mwendo wake, kisha likashikwa breki, na tarakimu nyekundu zikawaka kwenye vidirisha viwili, kimoja cha upande wa ndani wa rimu, kingine cha nje.

Ndani: gramu themanini na tano. Nje: ishirini.

"Lo!" akasema Varban. "Humu kuna mtu amelala."

Akalizungusha gurudumu kwa mkono polepole mpaka taa zote za upande mmoja zikawaka. Hapo mashine inasema: juu kabisa, pale saa sita, ndipo panapotaka kuongezwa. Akachagua vizito, akavipigilia kwenye ukingo kwa nyundo yake ndogo, tak, tak. Akazungusha tena. Kwa kawaida hapo huja sifuri mbili, unalipa, unakwenda.

Ikaja thelathini. Na si mahali palepale, bali upande mwingine kabisa.

Varban akakunja uso. Akang'oa vizito alivyopigilia, akazungusha gurudumu likiwa tupu kama mwanzo. Ingefaa irudi themanini na tano. Ikasema sitini.

"Mashine yako imelewa," Spas akasema kutoka kwenye jiko.

"Mashine yangu haijaonja kitu tangu Italia."

"Basi wewe."

"Zungusha tena," akasema Tsona.

Akazungusha. Hamsini na tano.

Sasa Varban akavua koti. Akalegeza nati, akatoa gurudumu, akafuta koni kwa kitambaa, akafuta shafti, akapiga brashi ya waya kwenye kutu ya lile tundu la katikati. Alinieleza akiwa anafanya, maana nilikuwa nimesimama karibu: uchafu mdogo tu pale katikati unalipindisha gurudumu, na mashine inapima upindo badala ya uzito. Njia ya kujua ni kupima, kulegeza, kuligeuza gurudumu nusu mzunguko kwenye koni, kukaza, kupima tena. Tarakimu zikibaki zilezile, limekaa vizuri. Zikihama, limekaa vibaya.

Zikahama. Akafuta tena, akageuza. Zikahama tena, na zikapungua.

"Tsona, dada yangu," Varban akasema, "niachie gari. Rudi Jumatatu. Nitamwita fundi wa mashine."

"Jumatatu hakuna basi, Varban. Jumatatu hiki ni kibanda cha kuku chenye viti kumi na vinane. Zungusha."

"Nimezungusha mara..."

"Sikuulizi mara ngapi. Zungusha."

Spas akacheka. "Mpe leso nyeupe aipeperushe. Dada Tsona, usijali, bibi zako nitawabeba vizuri. Wawili kwenye kiti, mmoja kwenye buti."

Tsona hata hakugeuka. Alikuwa anamtazama Varban, na Varban alikuwa anaitazama mashine kama mtu anayemtazama mbwa wake baada ya kuambiwa kwamba ameuma mtoto wa jirani. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani aliogopa kulifanya tangu mwanzo. Pembeni alikuwa na gurudumu lake mwenyewe, la gari lake, ambalo alilitunza kwa ajili ya kuijaribu mashine. Akalifunga kwenye shafti, akazungusha: sifuri, sifuri. Akachukua kizito cha gramu mia, akakipigilia ukingoni, akazungusha. Mashine ikasema mia, na ikaonyesha mahali kilipo, bila kukosea hata upana wa kidole. Akakihamisha upande wa nje. Mia tena.

"Haijalewa," akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Mashine inasema kweli kila mara. Gurudumu lako ndilo linalobadilisha maneno."

"Gurudumu linabadilishaje maneno?"

"Sijui. Lete la pili."

La pili likafanya vilevile. Sabini, halafu hamsini, halafu arobaini na kitu. Tairi lilikuwa zima, rimu haikupinda, nilikwisha kuipima kwa jicho na kwa kipande cha waya. Muda ulikuwa unakwenda. Redio iliyokuwa juu ya kompresa ilikuwa imeanza kipindi cha nyimbo za kuombwa, na hicho huja baada ya saa nne.

Tsona alikuwa amechuchumaa chini ya mashine. Alitaka kuona kama kuna kitu kinagusa. Chini pale pamelowa, lakini karakana gani haina maji sakafuni majira ya baridi. Kila gari huingia na theluji yake. Nikamwona ameokota kitu kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa taa.

Lilikuwa jani. Dogo, la kijani, limechanikachanika pembeni kama mkono wa mtoto.

"Zdravetsi," akasema. "Ua la afya."

"Maua umeleta?" Spas akauliza.

"Hili ni jani la Bibi Mitra wa Brestova. Analo dirishani kwenye kopo, wakati huu wa mwaka hakuna mwingine mwenye zdravetsi bichi." Alinusa. "Huwa analitia kwenye maji ya heri ili yawe na afya ndani yake."

Kisha akainuka, akaingiza mkono ndani ya rimu kwa upande wa nyuma, kule kwenye mfereji kusikoonekana ukiwa umesimama mbele. Akapapasa. Uso wake ukabadilika.

"Varban. Weka mkono hapa."

Varban akaweka. Na mimi nikaweka baada yake. Kulikuwa na barafu, laini kama kioo, imelala upande mmoja wa mfereji, nene kidole kizima kwenye sehemu yake ya katikati, na inachuruzika maji kwa joto la jiko.

Wale bibi. Kila mmoja na chungu chake, mbele ya bampa na kwenye magurudumu, na sisi tumesimama tunakula banitsa. Maji yakakusanyika chini ya rimu, yakaganda pale pale kwa nyuzi kumi na nne. Rakita wakaongeza tabaka. Luchitsa wakaongeza. Vijiji vitatu vya heri, vimeganda upande mmoja. Na humu ndani, kila dakika karibu na jiko la Varban, heri ilikuwa inayeyuka na kudondoka, na mashine ikawa inapima kilichobaki na kusema kweli, na kweli ikawa inapungua.

Varban akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Spas akaja akachungulia, akaingiza kidole, naye akashikwa.

"Wamekupenda mpaka umetetemeka!" akasema, machozi yanamtoka. "Tsona, wamekuua kwa upendo!"

Tsona hakucheka. "Mkimaliza," akasema, "niambieni tunafanya nini."

Varban akajifuta macho. "Tunaanza upya. Vizito vyote nilivyoweka vinatoka. Nikipigilia risasi juu ya barafu nimebalansi maji tu. Ikiyeyuka kule barabarani utatetemeka upya, ila kwa upande mwingine. Barafu itoke yote, rimu ikauke kabisa, ndipo tupime. Magurudumu yote manne, maana ya nyuma nayo yatakuwa yamebarikiwa."

"Kabla ya saa sita?"

"Kwa watu wawili, hapana."

"Tuko watatu," nikasema.

Tsona akamgeukia Spas. Hakumbembeleza, hilo niliandike lilivyokuwa.

"Mama yako yuko Rakita," akamwambia.

"Mama yangu nitampeleka mimi mwenyewe."

"Mara ya mwisho ulimpeleka wapi?"

Spas akageukia jiko.

"Mimi nimempeleka kwa daktari wa macho Alhamisi," akasema Tsona. "Alhamisi ya kabla yake kwa daktari wa meno. Njiani anawaambia abiria wote kwamba mwanawe ana shughuli nyingi sana mjini. Wanamwamini. Shika kitambaa."

Spas akaitazama kahawa yake. Kisha akaimwaga motoni, akashika kitambaa.

Tukayapanga magurudumu kuzunguka lile pipa, mbali kidogo, mpira usiungue. Tsona akachukua bisibisi akaanza kubandua barafu vipande vipande, magoti sakafuni, bila glavu. Vipande vilikuwa vinaruka na majani ndani yake, na kwenye kimoja kulikuwa na uzi mwekundu. Spas alikuwa anafuta nyuma yake, Varban anapuliza hewa ya kompresa kwenye kila ufa. Mimi nikaona nisaidie, nikaleta birika la maji ya moto kutoka jikoni.

"Mzee Ilcho!" Varban akanifokea. "Maji tena?"

Nikarudisha birika. Nikapewa kazi ya kushika taa.

La kwanza likarudi kwenye mashine. Mkono wa umbali, kaa wa upana, kimo. Kifuniko. Likavuma. Kumi na tano ndani, kumi nje. Varban hakupigilia kitu. Akalegeza, akageuza nusu mzunguko, akakaza, akazungusha tena. Kumi na tano, kumi, mahali palepale.

"Sasa linasema neno moja," akasema.

Akapigilia. Tak, tak. Akazungusha, na sote tukainama kwenye vile vidirisha kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa. Sifuri. Sifuri.

La pili: tano na ishirini, halafu sifuri mbili. La tatu lilisumbua, lilikuwa na unyevu umejificha nyuma ya mshono wa rimu, na Tsona akalirudisha kwenye jiko mwenyewe kabla Varban hajasema. La nne lilikubali mara ya kwanza. Spas ndiye aliyekaza nati za mwisho za magurudumu, na alizikaza kwa msalaba, moja huku na moja ng'ambo yake, kama inavyotakiwa, ingawa aliendelea kunung'unika kwamba kahawa yake imepotea bure. Ilikuwa imebaki nusu saa na ushee. Kituo cha ukaguzi kiko mwisho wa mji.

Tsona akawasha injini, akarudisha nyuma mpaka uani. Na pale uani, mbele ya bampa, amesimama Bibi Gena.

Huyo ni mama yake Varban. Anakaa chumba cha nyuma ya karakana, masikio yake yameshachoka, na habari humfikia nusu. Nusu aliyoipata asubuhi ile ni kwamba basi la vijiji linakwenda kwenye mtihani. Alikuwa amevaa shali yake ya sikukuu, na mikononi ameshika chungu cha shaba kilichojaa mpaka mdomoni.

"Mama!" Varban akapiga kelele. "Mama, usimwage!"

"Eeh, namwaga, namwaga," akajibu Bibi Gena, akasogea kwenye gurudumu la kushoto.

Kumkatalia mtu maji ya heri si jambo dogo. Ni kama kuutemea mate mkate wa mtu. Nimeona ndugu wawili ambao hawakusemezana mpaka kifo kwa sababu mmoja aliondoka kwenda jeshini kwa mlango wa nyuma asimwagiwe na mke wa mwenzake. Na bibi mwenyewe alikuwa ametoka kwenye baridi ile, kwa miguu yake ile.

Tsona alisharuka chini. Akasimama kati ya chungu na gurudumu, akamshika bibi mikono yote miwili.

"Bibi Gena," akamwambia karibu na sikio, "nani anakwenda kwenye mtihani?"

"Wewe, mwanangu."

"Gurudumu linakwenda kwenye mtihani?"

"Gurudumu lina akili gani?"

"Basi nimwagie mimi."

Bibi akamtazama kuanzia kichwani. "Utakufa kwa baridi, mtoto wewe."

"Sifi. Nimwagie miguuni, nipite juu yake."

Bibi Gena akafikiri. Kisha akainama, polepole, na akayamwaga maji yote kwenye viatu vya Tsona, pamoja na yale ya chini kabisa yenye majani ya mrehani. Akambusu mashavu yote mawili. Tsona akapanda basi, na nilisikia viatu vikilia kwenye pedali, fyuu, fyuu, mpaka mwisho wa mji.

Tsenkov alikuwa ameshavaa kofia yake ya manyoya tayari kuondoka. Akatazama saa, akatutazama sisi, akaivua. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, si mbaya. Akamulika taa, akakanyaga breki, akaingia chini akatoka. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva. Tsona akakaa nyuma yake na mimi pembeni. Tukaenda mpaka kwenye ile barabara ya mto.

Hamsini. Sitini. Sabini. Nilikitazama kijiko changu ndani ya kikombe. Themanini. Kijiko kimelala. Tisini, na Tsenkov akainua mikono yake hewani, na usukani ukabaki pale katikati, umetulia kama picha ukutani. Akaiacha mikono juu muda mrefu kuliko nilivyopenda, maana mbele kulikuwa na kona.

Alipopunguza mwendo akatazama kwenye kioo, akamwona Tsona. Midomo ilikuwa ya bluu. Magoti yalikuwa yanagongana.

"Mbona unatetemeka?" akamuuliza.

"Mimi natetemeka," Tsona akasema. "Basi linatetemeka?"

"Basi halitetemeki."

"Basi andika la basi."

Nilikuwa tayari kumzuia, lakini hakukuwa na haja. Tsenkov alirudi kituoni, akabandika stika ya ukaguzi kwenye kioo kwa mkono wake, akailainisha kwa kucha mpaka mapovu yote yakatoka. Kisha akampa Tsona soksi zake za akiba za sufi zilizokuwa kwenye droo, na akafunga kituo.

Laini ya Brestova iliendelea miaka sita. Baada ya siku ile Tsona aliugua kifua kwa wiki mbili, na wiki hizo basi liliendeshwa na Spas. Tsona alistaafu laini ilipofungwa, sasa anaishi kwa binti yake Plovdiv na hapendi. Spas aliuza teksi akaenda Ujerumani kupeleka vifurushi. Mama yake alimfuata, akarudi baada ya miezi mitatu. Varban alinunua mashine mpya yenye kioo cha rangi, na ile ya Italia aliipeleka kwa binamu yake kijijini, inafanya kazi. Bibi Gena alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa tatu. Bibi Mitra yuko hai. Tsenkov alihamishiwa idara ya maji. Basi lenyewe liliuzwa kwa mtu wa kusini, akang'oa viti, anabebea matikiti. Luchitsa wamebaki watu wanne. Mimi nilihama Brestova nikaenda upande wa Danube, nikakaa huko miaka miwili, halafu nikahama tena.